Wiski ya Moshi



Wiski ya moshi ya kisiwa cha Islay, Uskoti, hupata harufu yake kwenye mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza, unaochomwa ili kukausha kimea cha shayiri. Kisha hulazwa katika mapipa ya mwaloni, si chini ya miaka 3.

Mara ya kwanza niliibugia kama maji ya mtungi. Utamu sikuuona, na mwenyeji wangu nilimwaibisha mbele ya wageni.

Siku hizi namimina kidogo, bila barafu, natia matone ya maji, nanusa, ndipo naonja polepole baada ya chakula. Bilauri moja yatosha.

Vijana, leo kunyweni soda. Kilichozoea kungoja pipani kitawangoja na ninyi.