KAUNTA BUKU MOJA, WATU WAWILI

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mkulima wa kahawa na migomba kutoka Karagwe, mkoani Kagera, kwenye semina ya kamati za maendeleo za parokia. Mke wake alikuwepo na alimsahihisha mara mbili.



Mimi si mtaalamu wa fedha. Nimeombwa nieleze jinsi mimi na mama watoto tulivyoanza kuandika mapato na matumizi ya nyumba yetu, na jinsi tulivyofika kwenye akiba. Nitaeleza na aibu yake, kwa sababu bila aibu ile habari hii haina maana.

Sote hapa tunaijua butura. Kwa wageni wetu nitaeleza: ni kuuza kahawa ingali maua. Mwenye fedha anakuja wakati nyumba imekaukiwa, anakupa chochote kitu, na wewe unamwahidi magunia ambayo bado hayajaonekana mtini. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini marufuku haijazi mfuko wa mtu mwenye shida.

Oktoba 2017 nilipokea shilingi 200,000 kwa ahadi ya magunia 8 ya kahawa ya maganda, kila gunia kilo 50. Sehemu ya fedha ile ilikwenda kwenye msiba wa kaka yangu. Sehemu nyingine, nasema mbele ya Baba Paroko, ilikwenda kwenye rubisi na kwenye baa. Mama watoto sikumwambia neno.

Msimu wa 2018 tulivuna magunia 11. Yeye ndiye aliyechuma, akaanika, akapepeta. Siku moja asubuhi akaona watu wanapakia magunia 8 kwenye gari. Akadhani ni wezi, akapiga yowe. Majirani wakaja na mapanga, nami nikalazimika kusimama mbele ya watu wote na kusema, "Waacheni, ni yao." Chama cha msingi kilitulipa shilingi 1,000 kwa kilo, yaani shilingi 50,000 kwa gunia. Magunia yale 8 yangetupa shilingi 400,000. Kwa hiyo nililipa shilingi 200,000 juu ya shilingi 200,000 nilizokopa, na zilikuwa zimetoka mgongoni mwa mke wangu.

Usiku ule ndipo nami nilipojua la kwake. Alikuwa na shilingi 180,000 kwenye kikundi cha hisa, na kitabu chake kilikuwa kimefichwa kwa dada yake. Niligomba sana. Nilimwuliza ni mke gani anayemficha mumewe fedha. Alinijibu kwa utulivu: "Baba, ningekuonyesha, leo zingekuwa kwenye chupa." Sikuwa na jibu. Baadaye nilipiga hesabu nikaumia zaidi. Katika kikundi chake mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na mkopo hurudishwa ndani ya miezi mitatu. Shilingi 200,000 zile zingetugharimu riba ya shilingi 30,000 tu, tena riba hiyo hubaki kwa wanachama wenyewe. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, lakini mgonjwa na mwenye dawa walikuwa hawasemezani.

Daftari

Tulikaa miezi kadhaa kila mtu na lake. Katekista wetu alipotujia hakutuhubiria. Alitushauri jambo moja tu: tununue kaunta buku. Januari 2019 tukaanza. Tulichora safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na salio. Kila Jumapili jioni baada ya chakula tunakaa mezani, mmoja anataja na mwingine anaandika. Tuliwekeana masharti matatu. La kwanza, kila kitu kiandikwe, hata shilingi 500 ya rubisi. La pili, siku ya kuandika hakuna kugombezana. Maneno yasubiri hadi kesho yake. La tatu, fedha isiyojulikana ilikokwenda iandikwe "haijulikani", isitungiwe uongo.

Baada ya miezi mitatu tulijumlisha. Maharage yake yaliingiza shilingi 150,000, ndizi shilingi 96,000, na vibarua vyangu vya ujenzi shilingi 120,000. Jumla shilingi 366,000. Matumizi yalikuwa hivi: chakula na sabuni 138,000, shule 42,000, matibabu 25,000, sadaka na misiba 36,000, vocha na bodaboda 33,000, rubisi na ukarimu wangu wa baa 71,000, haijulikani 21,000. Jumla shilingi 366,000. Salio sifuri.

Ndugu zangu, mke wangu alikuwa amenisema kuhusu pombe kwa miaka 14 bila mafanikio. Daftari halikunigombeza hata kidogo. Lilinionyesha tu kwamba kinywaji changu ni kikubwa kuliko shule na matibabu ya watoto wangu vikiwekwa pamoja. Nilinyamaza siku mbili.

Naye alijifunza yake. Tulikuwa tunanunua sukari ya kupima, robo kilo kwa shilingi 800, wakati kilo nzima ilikuwa shilingi 2,800. Kila kilo tulipoteza shilingi 400 kwa sababu tu hatukuwa na shilingi 2,800 kwa mkupuo. Ndivyo umaskini unavyotoza kodi. Sikuacha kunywa siku moja, lakini tulikubaliana kiwango cha mwezi, na kilichobaki tukakipeleka kwenye hisa.

Kikundi na mwezi wa Oktoba

Kwa faida ya wageni, utaratibu wa vikundi hivi si mgeni Afrika. Ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na umeenea katika nchi nyingi. Watu kati ya 15 na 30 wanaoaminiana hukutana kila wiki na kununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Upo mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Mwisho wa mzunguko kila mtu hugawiwa akiba yake pamoja na faida. Hapa kwetu, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vinatakiwa pia kusajiliwa, na nawaomba wajumbe mvisaidie katika hilo.

Jambo kubwa tulilojifunza ni la kalenda. Zamani kikundi kiligawana Desemba, na fedha ikaliwa Krismasi. Mwenye butura hubisha hodi Oktoba. Mama watoto ndiye aliyesimama kikundini akapendekeza mgao uhamishwe uwe Oktoba, na wenzake wakakubali. Kuanzia Oktoba 2019 tulinunua hisa tatu kila wiki, kila hisa shilingi 2,000. Kwa mikutano 50 tuliweka shilingi 300,000. Oktoba 2020 tuligawiwa shilingi 342,000. Wiki ile ile yule bwana alikuja. Nilimkaribisha chai, tukaongea habari za mvua, akaondoka. Msimu wa 2021 kahawa yote ilipelekwa chamani kwa jina letu.

Hisa zile ziko kwa jina la mke wangu. Mimi hadi leo si mwanachama wa kikundi kile, wala sina ufunguo. Watu hunicheka. Nawajibu kwamba Yosefu kule Misri hakuulizwa ni mume wa nani. Aliulizwa kama ghala lina nafaka.

Wala msidhani tumekwisha kufika. Bei ya kahawa ilipopanda mwaka 2024 nilianza kuota pikipiki, na nilitaka tukope kwa kuweka rehani kiwanja tunachoishi. Mwenzangu alikataa. Nilikasirika, hadi nilipoelezwa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Pikipiki hatujanunua. Imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na bei yake, tunaisogelea polepole. Nimegundua kwamba bei nzuri nayo ni jaribu, sawa na njaa.

Maombi yangu

Kwa wajumbe wa kamati nina maombi mawili. Kwanza, mafunzo ya akiba yasitolewe kwa akina mama peke yao. Nimeona mama anakopa, mume anatumia, na mama anahangaika kurejesha. Waiteni wote wawili, na kaunta buku liwe zawadi ya semina. Pili, msimlazimishe mama yeyote kufunua akiba yake kwa mume. Mimi niligomba kwa mdomo tu. Wapo wanaogomba kwa ngumi. Uwazi hauwezi kuanza kwa kumwondolea dhaifu kinga yake. Uanze kwa mwenye nguvu kufunua madeni yake. Laiti ningeanza mimi, mke wangu asingalipiga yowe asubuhi ile.

Kwa ndugu wafadhili, naomba msishangae nikisema: msituletee fedha za kuweka sandukuni. Fedha iliyotoka nje hukopwa kirahisi na hurudishwa kwa shida, kwa sababu haina jasho la jirani. Tusaidieni masanduku, vitabu na walimu wa kutembelea vikundi kwa mwaka wa kwanza. Yaliyobaki tuachieni.

Siku hizi anayeandika daftari ni binti yetu wa kidato cha pili, maana mwandiko wangu haufurahishi. Jumapili iliyopita alitaja vitu vyote, kisha akanitazama na kuuliza, "Baba, hii 3,000 ya Alhamisi niandikeje?"

Nikamwambia aandike ilivyo.