Mbu Tunaowafuga Uani

Msikilizaji, masika yakianza Dar es Salaam tunakimbilia chandarua. Ni vyema. Lakini Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni aenezaye homa ya dengue, huuma mchana, na mara nyingi amezaliwa uani kwetu: ndani ya tairi kuukuu, kifuu cha nazi, kisahani cha chungu cha maua. Yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Mayai hunata kwenye kuta za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Sugua ndoo kila wiki, funika pipa, toboa tairi. Jiji hili liliugua dengue mwaka 2014, likaugua tena 2019. Tuanze leo, nyumba kwa nyumba, maana mbu hajui ua wa jirani.