Kabla ya Kumwita Mtoto Mzito

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa, Buyenzi, Bujumbura, majuma machache kabla ya kufunguliwa shule)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya watoto wetu na mwaka wa masomo unaotukabili mwezi wa Septemba. Desturi ya hotuba za namna hii ni kuwakumbusha wazazi habari ya madaftari na sare, na kuwahimiza watoto wafanye bidii. Mambo hayo mwayajua, na wauza madaftari watawakumbusheni vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya neno moja ambalo latoka vinywani mwetu kwa wepesi mno, nalo ni neno "mzito". Mwalimu wa shule hulisema, mwalimu wa madrasa hulikariri, mama hulisikia akalileta nyumbani, na mtoto mwenyewe, ambaye masikio yake hayakuzibwa, hulipokea akakaa nalo.

Katika nchi yetu kurudia darasa si jambo geni. Tangu mwaka 2005, ada ya shule za msingi ilipoondolewa, watoto walimiminika shuleni kuliko wingi wa madawati na walimu, hata shule nyingi zikagawanya siku mafungu mawili: hawa wasome asubuhi, wale alasiri. Kheri ilikuwamo, maana walioingia ni wengi ambao wasingalipata kuingia. Walakini mwalimu mwenye umati mbele yake hawezi kumtazama kila mmoja usoni. Mtoto hurudia mwaka, akarudia tena, akawa mrefu kuliko wenziwe wote darasani, akaona haya, akaacha. Wengi tunaowaona karakana na sokoni nao wana miaka 13 hawakufukuzwa na mtu. Walichoshwa na neno.

Basi ombi langu ni kwamba kabla hatujamhukumu mtoto akili yake, tuutazame mwili wake.

Tuanze na macho. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Hudhani ulimwengu ndivyo ulivyo kwa watu wote, umefifia. Hawezi kulalamika juu ya kitu ambacho hajapata kukijua. Nilipokuwa nikifundisha palikuwa na kijana mmoja aliyepewa adhabu mara nyingi kwa kunakili mambo ya jirani yake. Watu walimwita mvivu, na wengine mwizi. Kumbe daftari la jirani ndilo ubao pekee aliouweza kuusoma. Alipopata miwani, jambo la kwanza alilolisema halikuwa juu ya masomo: alisema milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ina mikunjo. Alikuwa amezaliwa hapa, na hakuwa ameijua.

Jaribio lake halihitaji fedha. Msimamishe mwanao mlangoni, afunike jicho moja kwa kiganja, asome maandishi ya kibao cha duka lililo ng'ambo ya njia. Kisha afunike jicho la pili. Ikiwa wewe wayasoma naye hayasomi, au akikunja uso na kuinamisha kichwa ili apate kuona, mpeleke kwa mganga wa macho kabla shule hazijafunguliwa. Na mwalimu apewe habari, ili mtoto akae mstari wa mbele.

Masikio nayo ni vivyo hivyo. Mtoto anayeitwa mara tatu asiitike, aghalabu twasema ana kiburi. Mwite kwa sauti ya kawaida akikupa mgongo, ndipo useme. Sikio linalotoa usaha kwa muda wa wiki 2 au zaidi lina maradhi yaliyokwisha kukaa, nalo hupunguza usikivu kidogo kidogo. Si jambo la kutiliwa mafuta ya kupikia wala maji ya majani. Ni la hospitali.

Ama habari ya damu na tumbo, hapa hatuna budi kukumbuka mahali tunapokaa. Mji wetu umekaa bondeni, ukingoni mwa ziwa ambalo maji yake yako kiasi cha mita 773 juu ya bahari, na joto la hapa si la Gitega wala la Muramvya. Mbu hupapenda. Tena mvua zetu huanza karibu na siku zile zile shule zifunguliwapo, zikaendelea hata mwezi wa Mei. Yaani msimu wa malaria na mwaka wa masomo hutembea pamoja. Na katika nyumba zetu chandarua hupewa nani? Hupewa mama na mtoto mchanga, nayo ni haki yao. Lakini yule wa miaka 9 hulala mkekani pembeni bila kitu. Kisha homa humjia mara kwa mara, damu ikapungua, naye akaketi darasani mwili upo na fahamu haipo.

Minyoo, hasa ile ya safura, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kimya. Mtoto haonekani mgonjwa. Huonekana mchovu, akasinzia, akala udongo. Zile wiki za afya ya mama na mtoto, ambamo dawa ya minyoo hutolewa bure, zisipite pasipo mtoto wetu kupelekwa. Kadhalika wale wanaokwenda kuoga ziwani na katika vijito. Kichocho cha huku si kile wanachokijua ndugu zetu wa pwani, kionekanacho kwa damu katika mkojo. Cha huku hukaa matumboni na kuharibu ini, na damu yake, ikionekana, huonekana chooni. Dawa yake ipo nayo ni vidonge tu, lakini nani atampa dawa mtoto ambaye hakuulizwa?

Chakula nitakisema kwa ufupi, maana akina mama wanakijua kunishinda. Kikombe cha chai tupu si chakula cha asubuhi. Uji mzito wenye unga wa karanga, au kiporo cha maharagwe ya jana kilichopashwa vyema, humfikisha mtoto adhuhuri. Lengalenga, maharagwe na ndagala vyaongeza damu. Mawese mekundu yanafaa macho. Na chungwa au pera baada ya maharagwe huusaidia mwili kuupokea ule madini wa chuma uliomo ndani yake. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Basi chai na ingoje kidogo.

Sasa nafika mahali ambapo nadhani baadhi yenu hamtanipenda. Chukueni karatasi mwandike siku ya mtoto wa Buyenzi. Ameamka saa 11 za alfajiri. Saa 1 na nusu yu darasani. Saa 6 na kitu amerudi, amekula, na saa 8 yu madrasani. Akitoka huko amechelea kuteka maji ikiwa bomba limekatika, au amempokea mama yake biashara. Baada ya Magharibi ana kazi ya shule. Baada ya Isha ana ubao wa madrasa wa kukariri. Kisha, kwa kuwa naye ni mtu na ana haki ya furaha, hukaa mbele ya simu ya kaka yake hata saa 4 za usiku. Waganga wasema kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji kulala kati ya saa 9 na saa 12 katika kila siku. Huyu wetu amelala saa 7. Aliye shule ya alasiri siku yake imegeuzwa tu, haikupunguzwa.

Tazameni pia siku za kupumzika. Madrasa zilizoshika desturi ya zamani hufunga Alhamisi na Ijumaa. Shule hufunga mwisho wa juma. Kila mmoja amempa mtoto mapumziko yake, na mtoto hakupata hata siku moja iliyo tupu! Akisinzia Jumatatu mbele ya ustadhi, hupigwa kiboko. Akisinzia Jumanne mbele ya mwalimu, huandikiwa kwamba ni mzito.

Sisemi madrasa ipunguzwe. Asiyejua dini yake amepoteza kitu kisichopatikana shuleni, na mimi ni wa mwisho kusema vinginevyo. Nasema saa zipangwe. Anayesoma shule asubuhi aanze madrasa baada ya Alasiri, ili apate kulala kidogo mchana. Anayesoma alasiri aende madrasa asubuhi, na jioni aachiwe. Patafutwe siku moja ambayo pande zote mbili zitafunga. Na simu izimwe mapema: alalaye saa 2 za usiku akaamka saa 11 amepata saa 9, tena ameiwahi Alfajiri bila ya kuvutwa mguu.

Najua wapo watakaosema, "Sisi tulihifadhi kwa kiboko, na tumekuwa watu." Ni kweli, waliohifadhi kwa kiboko twawaona. Walioacha kwa kiboko hawamo ukumbini humu, kwa hiyo ushahidi wao hatuusikii.

Neno jingine la hapo hapo: Ramadhani ikiangukia ndani ya muhula, watoto wadogo hushindana kufunga, na wazazi huona fahari. Mtoto ambaye hajabaleghe hana faraja ya kulazimishwa. Azoezwe nusu siku, au siku za mapumziko, naye apewe daku ya kweli. Akishindwa darasani afungue pasipo mtu kumcheka.

Mwili ukiisha kutazamwa, zabaki nguvu zake mtoto, yaani yale anayoyaweza. Nasi tuna upofu katika jambo hili. Mtoto wa Buyenzi husema Kiswahili na mama yake. Shuleni hufundishwa kwa Kirundi miaka ya mwanzo, kisha kwa Kifaransa. Madrasani husoma herufi za Kiarabu kutoka kulia, na jioni ile ile hurudi kusoma za Kifaransa kutoka kushoto. Ana miaka 8 tu! Wako wakubwa wenye mishahara ambao hawawezi nusu ya hayo. Walakini akinyamaza darasani kwa kulitafuta neno, huhesabiwa kuwa hajui.

Mzazi aweza kulipima hili nyumbani, hata mzazi asiyejua kusoma. Mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo: mvua hutoka wapi, sehemu ya nne ya mkate ni ipi. Akikueleza ukafahamu, basi elimu ameipata, kilichopungua ni maneno ya lugha ya shule, na maneno hupatikana. Asipoweza kukueleza kwa lugha ya mama yake, hapo ndipo pana kazi ya kumwendea mwalimu. Mambo hayo mawili ni maradhi mbalimbali, na dawa zake si moja.

Pia kuna watoto waliohifadhi juzuu nzima, nao jedwali la kuzidisha limewashinda. Waacheni walisome kwa sauti na kwa mahadhi, kama wasomavyo sura. Kumbukumbu waliyonayo ni ile ile. Kisha watumwe dukani, wahesabu chenji wenyewe, ili hesabu isibaki ulimini tu. Na yule anayefungua redio akaifunga tena, anayekaa karakana akajua gari lina kasoro gani kwa kulisikiliza, asiambiwe kwamba mikono yake ni kimbilio la aliyeshindwa. Muulizeni kwa nini injini yapata moto, naye atawafundisheni fizikia ambayo daftari lake halina.

Masheikh wanijua kwamba si mimi niliyeyaanza haya. Zaid bin Thabit alikuwa kijana mdogo wa Madina. Yasimuliwa kwamba alitaka kwenda vitani pamoja na wakubwa, akarudishwa kwa udogo wa umri wake. Angaliweza kubaki na huzuni hiyo. Lakini ilionekana kwamba ana kumbukumbu kali na mkono wa kuandika, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi. Wapokezi wasema aliyapata kwa muda wa nusu mwezi. Huyo ndiye aliyekabidhiwa na Abubakar kazi ya kuikusanya Kurani, na zama za Othman akawa tena miongoni mwa walioandika nakala zake. Waliomtazama walitazama alichokiweza.

Ripoti za muhula zitakapokuja, mzazi aulize pia maswali ambayo ripoti haina nafasi yake: mwanangu huketi wapi, huamka akiwa mchangamfu saa ngapi, hucheza na nani, ni somo gani analolingojea? Mwalimu aliyeulizwa hivyo mara moja, mara ya pili humtazama mtoto yule kwa jicho jingine hata katika darasa lililojaa.

Bwana Mwenyekiti ameniruhusu kutangaza ya kwamba Jumamosi ijayo, baada ya sala ya Alasiri, walimu wa madrasa watakutana ukumbini humu kuzitazama saa zao. Mzazi aje na karatasi ya siku ya mwanawe, iwe imeandikwa tangu kuamka hata kulala, pasipo kuficha saa za simu. Asiyejua kuandika aje na mtoto mwenyewe amwandikie.