Hotuba juu ya Saa za Ziada na Vijana Wasio na Kazi



Mwaka huu wazazi wengi wamefika mbele ya kamati yetu kuomba msaada kwa ajili ya vijana wao wasio na kazi. Nami nataka kusema juu ya ovataimu, maana mambo haya mawili hukutana langoni mwa kiwanda.

Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya huweka juma la kazi kuwa saa 52, tena yaruhusu kazi ya mchana ifike saa 116 katika majuma mawili. Yaani saa sita za ziada kila juma. Hesabuni basi. Watu tisa wakiongeza saa sita sita, hizo ni saa 54, nazo zapita kazi ya juma zima ya mtu mmoja. Na kwa kuwa saa ya ziada hulipwa moja na nusu, mwenye kiwanda hutoa ujira wa saa 81. Mbona hamwajiri mtu wa kumi? Kwa sababu huyo atafundishwa, atapewa likizo na posho ya nyumba, na kazi ikipungua haondolewi bila malipo. Bali ovataimu hukatwa kwa neno moja la nyapara.

Walakini tusimlaumu mwenye kiwanda peke yake. Mimi mwenyewe, miaka yangu yote kiwandani, sikukataa hata Jumapili moja, maana siku hiyo hulipwa mara mbili, na mshahara mtupu haukutosha kodi ya chumba na karo. Mwezi mzima mtoto wa ndugu yangu alisimama pale langoni akingoja kibarua. Nilimpita asubuhi nikiingia. Nilimpa nauli, saa zangu sikumpa.

Wala mapatano matupu hayatoshi. Mwaka 1964 serikali ilikubali kuongeza wafanyakazi 15 kwa mia, na waajiri 10 kwa mia. Vyama vya wafanyakazi navyo vikakubali kutogoma wala kudai nyongeza kwa mwaka mmoja. Waliojiandikisha kutafuta kazi walizidi 200,000. Waliopata walikuwa sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo nashauri wanachama wetu walio katika vyama hivyo wadai kwanza mshahara wa saa 52 utoshe kulisha nyumba, ndipo ovataimu ipunguzwe na watu waongezwe. Najua wengine watanung'unika; hata mke wangu hakuyapenda maneno haya nilipomsomea. Naomba yajadiliwe leo, kabla hatujafikia hesabu ya mfuko wa mazishi.