Keki ya Rangi Mbili na Mama Asiyefika Tarawehe

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, najua kuna waliocheka walipoona mada ya leo ni kupika keki. Cheka tu, lakini hebu jiulize swali moja. Leo jioni, adhana ya Magharibi ikilia mnamo saa kumi na mbili na nusu, wewe utakuwa umekaa mkekani na tende mkononi. Mama yako atakuwa wapi? Kutoka Majengo mpaka Kayole, kutoka Eastleigh mpaka Umoja, nyumba nyingi jibu ni moja: yuko jikoni anageuza viazi karai. Ikifika Isha sisi twakimbilia tarawehe, yeye anabaki na masufuria. Swaumu ni ya wote, ujira tunautaka wote, lakini jiko tumemwachia mmoja.

Kwa hivyo mada hii si ya akina dada peke yao. Nawalenga zaidi ndugu wa kiume. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Basi wewe na mimi ni nani, hata tuseme jikoni si mahali petu?

Kwa nini keki, tena hii ya rangi mbili ambayo watu huita "marble"? Kwa sababu anayeanza anaiweza, inapendeza bila kupakwa chochote juu, na ikifunikwa vizuri hukaa siku mbili tatu. Ukiipika siku moja kabla ya Idi, mama naye anaoga asubuhi, anavaa na kwenda kuswali na wenzake.

Mahitaji ni haya:

- Unga wa ngano wa kujiumua, robo kilo
- Margarini, robo kilo
- Sukari, gramu 200
- Mayai 4
- Maziwa, vijiko 7 vya mezani
- Kakao isiyo na sukari, vijiko 3 vya mezani
- Vanila, kijiko 1 cha chai

Kama una unga wa kawaida, tia vijiko 2 vya chai vya beking pauda. Usitie hamira ya mahamri. Hamira hutaka muda wa kuumuka, na keki haina subira hiyo.

Piga margarini na sukari kwa mwiko mpaka rangi igeuke kuwa nyeupe-nyeupe. Dakika kumi mkono utauma, lakini usiache. Hapo unaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayovimba kwenye moto na kuiinua keki. Tia yai moja moja huku ukipiga. Mayai yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji, maana mchanganyiko utakatika. Halafu chekecha unga uutie pamoja na vijiko 4 vya maziwa, na ukoroge polepole. Ukikoroga unga kwa nguvu, keki huwa ngumu kama chapati ya jana.

Sasa gawa mara mbili. Nusu moja tia vanila. Ile kakao ikoroge na vijiko 3 vya maziwa ya moto mpaka iwe uji mzito, iache ipoe, kisha uichanganye na nusu ya pili. Usitie kakao kavu, kwa sababu inafyonza maji na upande huo utakuwa mkavu. Paka sufuria ndogo mafuta, nyunyiza unga, kisha tia kijiko cha nyeupe, kijiko cha nyeusi, mpaka uishe. Pitisha kisu mara moja au mbili kwa kuzungusha, basi. Ukizidisha, rangi zote mbili zitapotea.

Oveni huna? Wengi wetu hatuna, na si udhuru. Jiko la makaa lenye udongo ndani limeenea Nairobi tangu miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji wanaligonga hapa hapa kwetu. Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu chini, weka juu ya makaa machache, funika ipate moto dakika kumi. Ingiza sufuria ya keki, funika kwa mfuniko bapa, na juu ya mfuniko weka makaa mengi kuliko ya chini. Usifunue kabla ya nusu saa, itabonyea. Baada ya dakika 45 hivi choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Jiko la makaa liwashe nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na nyumba ya chumba kimoja ikifungwa, watu hulala wasiamke. Usiliingize ndani usiku eti lipashe joto.

Tuje kwenye halali. Vanila asili yake ni pande za Meksiko, na kakao ni pande za Amerika ya Kusini. Vanila ilienea kwenye visiwa vya bahari yetu baada ya Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, kuonyesha mwaka 1841 namna ya kulichavusha ua lake kwa mkono. Leo hulimwa Madagaska, Komoro na Uganda. Lakini ile ya chupa aghalabu huyeyushwa kwa pombe. Kwa sheria ya Marekani, vanila halisi ya maji ni lazima iwe na pombe asilimia 35 au zaidi. Wanazuoni wamejadili hukumu yake, na hilo muulize imamu wako. Mimi nasema soma karatasi ya chupa. Ukipata shaka, tafuta vanila ya unga, au tia iliki iliyosagwa na ganda la limau lililokwaruzwa. Iliki na kakao hupatana vizuri sana. Jihadhari pia na mapambo ya juu yenye gelatini, kwani nyingine ni ya nguruwe.

Je, ukiwa umefunga unaweza kuonja? Wanazuoni wengi wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi panapo haja, bila kumeza. Lakini mchanganyiko wenye mayai mabichi usiuonje kabisa, uwe umefunga au hukufunga.

Mwisho, tusifanye israfu. Mwenyezi Mungu ametuamuru tule na tunywe bila kupita kiasi. Keki moja yatosha nyumba, na kipande kimpelekee jirani wa ploti, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Yeye pia amenusa harufu.

Chagueni usiku mmoja katika kumi la mwisho. Mwambieni mama: leo jikoni ni sisi, wewe chukua mswala wako utangulie msikitini. Na vyombo mvioshe nyinyi, maana ukipika ukamwachia vyombo, hujamsaidia kitu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, na awalipe mama zetu kwa kila futari waliyotupikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.