Hata Mkubwa wa Wazima Moto Hurudi Darasani



Juzi tuliita semina ya viongozi juu ya moto wa msituni, na karibu wenyeviti wote wakatuma vijana. Mzee mmoja alituambia, "Mimi nimeongoza miaka ishirini, nifundishwe nini tena?" Tulicheka, lakini neno hilo lilitusumbua. Hata sisi wafanyakazi wa maendeleo tuna ugonjwa huo: tukishapata cheti, basi.

Kule Marekani, wanaozima moto wa misitu na nyika hufundishwa uongozi ngazi kwa ngazi, na ngazi ya juu ni ya wale ambao tayari ni wakuu. Hao hawafundishwi kushika jembe. Njia moja ya kuwafundisha ilitoka jeshini: husoma habari za msiba wa zamani, huenda mahali penyewe wakatembea kwa miguu, wakisimama pale palipoamuliwa jambo, kisha hukaa chini wakajadiliana.

Pahali pamoja ni Mann Gulch, bonde la jimbo la Montana. Tarehe 5 Agosti 1949 wanaume 16 walikuwa wakiukimbia moto, wakipanda mlima. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliona moto utawashinda mbio. Akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia penye majivu, akawaita wenzake. Hakuna aliyemfuata. Yeye alipona, na wawili waliowahi kufika juu wakapona. Watu 13 walikufa. Dodge alikuwa na akili sawasawa, lakini vijana wale hakuwa amefanya kazi nao vya kutosha, wala hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Mkubwa akisimama kwenye mteremko ule hujiuliza: wangu wangenifuata?

Halafu kuna mlima Storm King, huko Colorado. Tarehe 6 Julai 1994 upepo uligeuka ukawa mkali, na wazima moto 14 wakafa. Utabiri wa upepo huo ulikuwepo, lakini haukuwafikia waliokuwa mlimani. Hapo, ndugu zetu, panga na jembe havina kosa. Ni habari iliyokwama kwa wakubwa.

Na sisi tusijifiche. Kiangazi kilichopita tulipewa ujumbe kwamba watu wasichome mashamba kwa sababu ya upepo. Ulikaa mezani kwetu siku tatu, tukingojea gari. Siku ya pili mama mmoja alichoma majani yake kama kawaida, moto ukaruka ua, ukala migomba ya jirani na ghala la mahindi. Yule mama ndiye aliyelaumiwa barazani. Sisi tulinyamaza.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakwenda kwenye shamba hilo, tutembee kutoka moto ulipoanza hadi ulipozimwa. Tutaanza sisi kueleza habari ya zile siku tatu, mbele ya huyo mama. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina waje wenyewe, wasitume vijana. Vaeni viatu, kuna visiki.