Kiasi Ni Figa la Pili

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma Wakristo wa Mafiga, Morogoro)



Nimeombwa nizungumze juu ya thamani ya kiasi katika maisha ya Mkristo. Jina la kata hii linanisaidia kuanza. Mafiga ni mawe matatu yanayobeba chungu, na wahenga walikwisha kutuasa kwamba figa moja haliinjiki chungu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 24, yamo mafiga matatu ya namna nyingine. Mtume Paulo, akiwa mahabusu mjini Kaisaria, aliitwa na Feliki, liwali wa Kirumi, ili aeleze imani yake. Paulo alimzungumzia mambo matatu: haki, kiasi na hukumu ijayo.

Feliki hakuwa mjinga. Habari za Wakristo alizifahamu vema, sheria ilikuwa mkononi mwake, na hukumu ilipotajwa aliingiwa na hofu. Basi haki aliijua na hukumu aliiogopa. Alichokosa ni kiasi. Tunaelezwa kwamba alitumaini kupewa fedha na mfungwa wake, na kwa sababu hiyo alimwita mara kwa mara kuzungumza naye. Miaka 2 ikapita. Feliki akaondoka kazini, akamwacha Paulo kifungoni. Figa moja lilipungua, na chungu kikamwagika.

Ndugu zangu, mara nyingi tunapohubiri kiasi tunawalenga walevi na vijana. Hapa Morogoro wako pia wanaotaja Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, pale lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Msiba ule ungali unatuuma. Lakini si haki kuutumia kuwasuta maskini peke yao. Mwenye dumu alisukumwa na shida, akaingia hatarini yeye mwenyewe. Mtumishi anayeficha faili mpaka apewe chai ana mshahara na ana kiti, na anayeungua ni mtu mwingine. Kati ya hao wawili, ni nani anayestahili kuhubiriwa kwanza?

Taifa letu limepata kujiwekea ukuta dhidi ya tamaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, iliyowahusu pia watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutokuwa na mishahara miwili, kutokuwa na nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao. Hatua hizo ni za lazima. Hata hivyo, miiko humkuta mtu kutoka nje. Inaweza kulegezwa, na mwerevu anaweza kuizunguka. Feliki naye alikuwa chini ya sheria.

Katika Waraka kwa Wagalatia, Paulo anataja matunda 9 ya Roho, na la mwisho ni kiasi. Tunda halifungwi mtini kwa kamba. Hutoka ndani ya mti wenyewe, nao mti hauna budi kutunzwa. Hapo ndipo mfungo wa Kwaresima unapopata maana yake. Tumbo likizoezwa kungoja, mkono nao hujifunza kungoja. Lakini Mkristo anayefunga nyama siku 40, na siku ya 41 akapokea bahasha, amebadili chakula tu, tamaa hakuigusa.

Walimu wenzetu nao wana mtihani wao. Mwalimu anayepunguza somo asubuhi ili aliuze jioni amekosa kiasi, hata kama hajaonja pombe maishani mwake. Anayeinua fimbo kwa hasira amekosa kiasi. Anayemtazama binti aliyekabidhiwa kwake kama mawindo amekosa kiasi, na amevunja imani ya wazazi.

Mtaniambia kwamba mishahara haitoshi. Kudai mshahara unaotosha ni haki, na haki ni figa la kwanza. Dai hilo lipelekwe kwa mwajiri, kupitia chama cha wafanyakazi. Lisipelekwe kwa mjane aliyekuja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, kwa maana yeye hana deni nasi.

Kiasi basi hakimaanishi kutokuwa na haja. Ni nguvu ya kuiambia haja yako isubiri, hasa pale ambapo shida ya mwenzako imewekwa mikononi mwako na hakuna anayekutazama. Kesho asubuhi tutarudi mezani na madarasani. Kila mmoja wetu atakuta mtu anayengoja. Tusimwache angoje miaka 2.